Yago la Fundi wa Redio

Nje ya kibanda cha Fundi, pale mtaani Migosi, palikuwa na benchi moja la mbao na maoni mengi kuliko makalio yaliyoweza kulikalia. Waliowahi walikaa, waliochelewa walisimama, na wote walibishana. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nilikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa nakala, ndiyo maana watu wakaniita Mama Fotokopi ingawa wakati huo sikuwa mama wa mtu yeyote. Miaka mingi nilisikiliza redio zake kupitia mabati, na yeye alisikiliza mashine yangu ikinguruma, mpaka tukazoeana kama watu wa nyumba moja.

Niseme mapema ili nisije nikajisitiri nikifika katikati: nilimkosea mtu huyu. Nilimkosea kwa neno moja, mchana kweupe, mbele ya watu, na neno lenyewe lilikuwa la kweli. Ukweli wake haujawahi kunisaidia kitu.

Fundi alitengeneza redio tu. Simu alizikataa, hata pale mjini wote walipoanza kumcheka kwamba atakufa njaa. "Simu ni ya kusema," aliwaambia. "Mimi natengeneza kitu ya kusikiza." Alivaa koti la kaki msimu wote, jua na mvua, na skrubu zake alizitunza kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Redio iliyopona hakuirudisha papo hapo. Aliiwasha, akaiweka mapajani, akainamisha kichwa, akaisikiliza mpaka mtu aliyekuwa akizungumza amalize. Ukijaribu kuizima katikati ya sentensi alikushika mkono. Usimkate mtu maneno, alisema, hata kama ni redio.

Sheria hiyo ilitawala benchi pia, na mimi ndiye niliyefaidika nayo kuliko wote. Wanaume wa pale hawakupenda mwanamke achangie siasa. Nilipofungua mdomo walianza kucheka kabla sijasema. Fundi aliinua bisibisi yake juu, kama mwalimu ainuavyo chaki, na kusema, "Yawa, wacheni huyu mtoto amalize." Wakanyamaza, nami nikamaliza. Aliniita nyara, binti yangu. Siku zile nilidhani mdomo mkali niliokuwa nao ni mali yangu mwenyewe. Sasa najua ni yeye aliyekuwa akiufungulia njia.

Saa za mchana, matangazo ya vifo yaliposomwa kwa Dholuo, lugha ya kwetu, benchi lote lilikaa kimya. Fulani mwana wa fulani, mkwe wa fulani, mazishi ni Ijumaa. Fundi alishika penseli lakini sikuwahi kumwona akiandika. Siku moja Otis, kijana wa bodaboda ambaye alishinda hapo kuliko barabarani, akamuuliza, "Fundi, kwani unangoja nani kwa hiyo listi?"

"Nangoja nisisikie," Fundi akajibu.

Otis akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, ingawa mimi nilijua.

Alasiri, wateja wakipungua, alipima redio za masafa mafupi. Aliizungusha sindano taratibu mpaka anase watu wanaozungumza lugha za ng'ambo ya mpaka, lugha ambazo hakujua hata salamu zake. Alisikiliza nusu saa nzima, uso umekunjamana. Nilimuuliza anaelewa nini humo. Akasema haelewi chochote, lakini jina la mtu halitafsiriwi. Likisemwa kwa Kizungu, kwa Kiarabu, litabaki vile lilivyo, na mwenye sikio atalishika.

Sasa niseme juu ya Rais, kwa sababu bila yeye Fundi haeleweki. Jina lake siliandiki. Kila lilipotajwa pale kwetu, kikombe cha mtu kilimwagika. Ni yeye aliyekuwa madarakani wakati jeshi letu lilipovuka mpaka kwenda kupigana, na watu wa upande wetu wa ziwa hatukuwahi kumpigia kura kabla wala baada. Benchini tulimgawana vipande. Baba Wafula, muuza mayai kutoka huko juu Kakamega, alikuwa wake damu damu.

"Zamani mayai yangu ilikuwa inafika hapa nusu imepasuka," alisema. "Saa hii inafika mzima. Hiyo lami nani aliweka? Wewe Otis?"

"Barabara yake tulipitishia majeneza, Baba Wafula. Hiyo nayo uhesabu," Otis alijibu.

Mimi nilikuwa wa upande wa Otis, tena kwa sauti kubwa. Nilisema vita vile vilipiganwa na watoto wa maskini, na kwamba hakuna mtoto wa waziri aliyewahi kuvaa buti. Nilikuwa na donda langu vilevile. Ndugu yangu wa tumbo moja alivunjwa goti na rungu la askari mwaka mmoja wa uchaguzi, akiwa amebeba mkate tu, na mpaka leo anachechemea. Kwangu mimi Rais yule na rungu lile walikuwa kitu kimoja, na aliyemtetea mmoja alimtetea mwenzake.

Fundi alimtetea. Hapo ndipo alipotushinda sote kumwelewa. Kura yake aliipa upinzani kila mara, na hakuficha. Siku moshi wa machozi ulipojaa Migosi, alitoka kibandani na kitambaa chenye maji, macho yakimchuruzika, akawafuta watoto wa jirani nyuso huku akiwalaani askari kwa matusi ambayo sikujua anayajua. Kesho yake asubuhi, benchini, akasema nchi ilikuwa imeguswa na Rais hangekaa tu. Mwenye nyumba akivamiwa, aliuliza, aombe msamaha?

"Sasa Fundi, wewe ni wa upande gani?" Otis akamuuliza.

"Kura yangu hajawahi kuiona. Lakini kwa ile maneno ya vita, mimi niko nyuma yake."

Na alikuwa na ukanda. Redio yoyote ya kaseti iliyoingia kwake ilipimwa kwa ukanda ule mmoja, hotuba aliyoirekodi mwenyewe, ambamo Rais aliahidi kwamba hakuna askari hata mmoja atakayeachwa huko alikotumwa. Tuliisikia mpaka tukaijua kwa moyo, pamoja na pale alipokohoa. Watu wakaanza kusema Fundi amekula kitu cha serikali. Otis alipitisha habari hiyo mtaani akiwa na hakika kama aliyeshuhudia. Fundi aliisikia, akaendelea kukaza skrubu zake.

Mimi ningeweza kuizima habari hiyo kwa sentensi moja. Sikuizima, kwa sababu nilikuwa nimeapa kwake kutunza siri, na nakiri pia kwa sababu ilinisaidia katika ubishi.

Kila mwanzo wa mwezi, kabla sijafungua mlango vizuri, Fundi aliingia dukani kwangu kuandikiwa barua kwa wakubwa wa jeshi. Kwa benchi, mwanawe wa kwanza alikuwa "kazini mbali". Kwenye barua, mwanawe alikuwa askari mwenye namba, aliyetoka kambini asubuhi na wenzake kwenda doria ng'ambo ya mpaka, na gari lao halikurudi. Fundi alisimama nyuma yangu akisoma kila neno likiota kwenye kioo cha kompyuta. *Naomba kujua alipo.* Mara ya kwanza mimi, kwa ujuaji wangu, niliongeza: akiwa hai au akiwa amekufa.

"Hiyo ya pili futa," akasema. "Ukiandika, wataichagua."

Nikafuta. Majibu yalikuja mara chache, na yote yalisema kwamba hajulikani alipo. Fundi aliyakunja, akayatia mfuko wa ndani wa lile koti.

Mkewe aliishi nyumbani, mbele kidogo ya Maseno, akilima. Siku moja alikuja mjini na kikapu cha mapera. Badala ya kwenda kwa mumewe, akaingia kwangu, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, ya kumfanya mtu ainame ili asikie.

Kwetu, mtu akipotea majini au vitani na mwili usipatikane, huchumwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake ndefu. Tunda hilo hulazwa, huliliwa, huzikwa badala ya mtu. Watu hukaa matanga. Baada ya hapo waliobaki wanaweza kuendelea. Kisipozikwa chochote, mlango hubaki wazi na hakuna anayethubutu kupita.

"Mzee anakataa yago," mama akaniambia. "Anasema nikizika, nimemuua. Na mdogo wake hawezi kuoa huyu hajulikani ako wapi. Mimi mwenyewe siwezi kulia. Nikianza kulia ananiambia, unalilia nani? Nyathina, mwanangu, wewe anakusikia. Mwambie azike yago." Akaweka kiganja chake juu ya mashine yangu, ambayo bado ilikuwa na joto. "Lakini umwambie polepole."

Nikamwahidi. Akaniachia mapera yote.

Sikumwambia mwezi ule. Wala uliofuata. Kila Fundi aliposimama nyuma yangu akipumua, barua ikiota kwenye kioo, nilijiambia nitasema tukimaliza, na tukimaliza nikasema haya Fundi, siku njema. Mimi niliyekuwa simba wa benchi sikuweza kumnong'oneza mzee mmoja jambo la nyumbani kwake.

Kisha ikafika siku ya Rais kuondoka madarakani na kuliaga taifa. Fundi aliacha kazi asubuhi hiyo. Alitoa nje redio kubwa kuliko zote, akaiweka juu ya kigoda, akaifuta vumbi. Benchi lilijaa na waliosimama wakafika hadi mlangoni kwangu. Hotuba ilikuwa ndefu. Barabara zilitajwa, Baba Wafula akatikisa kichwa kwa furaha. Umeme ukatajwa, na shule, na hospitali. Wanajeshi waliokufa wakashukuriwa pamoja na jamaa zao. Nilimtazama Fundi. Alishika ile penseli yake na kipande cha karatasi, ameinama kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye chumba cha daktari.

Waliopotea hawakutajwa. Hotuba ikaisha, wimbo wa taifa ukaanza.

"Ameenda, na aende kabisa!" Otis akapiga makofi.

"Mtamtafuta na tochi," Baba Wafula akamjibu.

Kelele zikapanda. Fundi akasimama wima, mikono ubavuni, koti limefungwa vifungo vyote. Wanaume, mmoja mmoja, kwa aibu tu, wakasimama. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nikiliona goti la ndugu yangu.

"Nyara, simama," Fundi akasema. "Amefanya yake. Tumpe heshima."

Nadhani ni ule upole wake ulioniwasha. Mtu akikugombeza unajitetea, lakini huyu aliniomba.

"Nisimame kwa nini?" nikapaza sauti. "Amehesabu lami yote, mpaka daraja. Kijana yako amemtaja? Miaka yote unacheza hiyo ukanda, amemtaja? Fundi, wacha kudanganywa! Nenda ukazike yago!"

Hakuna aliyecheka. Otis akageuka polepole. "Yago ya nani?" akauliza.

Ulimi hauna mfupa, wanasema, na mimi ninaongeza kwamba hauna hata mlango. Fundi hakunitazama. Aliinama, akaunyosha mkono, akaizima redio katikati ya wimbo, neno limekatika nusu. Yeye, ambaye hakuwahi kumkata mtu maneno. Akaichukua, akaingia nayo ndani.

Juma lile alirudisha redio za watu zote, zilizopona na zisizopona, akizipeleka mwenyewe mlango kwa mlango. Otis alimfuata kuomba radhi kwa yale aliyoyasambaza, wakapeana mkono. Mimi nilimsikia kupitia mabati akimimina skrubu kutoka mkebe mmoja kwenda mwingine, nami nikaongeza kasi ya mashine nisisikie. Jumamosi kibanda kilikuwa kitupu. Sasa kinauza vifuniko vya simu.

Niliandika barua za kuomba msamaha. Nilizichapa kwa herufi nzuri, nikazirekebisha, nikazichapa upya, na migongo ya karatasi zake nikaitumia kwa nakala za vitambulisho vya watu. Hakuna hata moja iliyotoka Migosi. Mwaka ukapita, ukaanza mwingine.

Mchana mmoja, matangazo ya vifo yakisomwa, maana mazoea hayo nilikuwa nimeyarithi kupitia ukuta, nikasikia jina la mama. Mke wa Fundi, mama wa mapera. Mazishi Jumamosi. Nilifunga duka, nikavaa leso ya msiba, nikafika kituoni, nikarudi. Kwetu mtu anaweza kukusamehe ukikosa harusi yake. Mazishi ya mkewe hasahau, na nilijua hivyo nilipokuwa nikigeuka.

Miezi michache baadaye simu ikalia, namba ngeni. "Nyara," sauti ikasema, kama vile tuliachana jana. "Kuja nyumbani. Kuna kazi ya kuandika."

Nilimkuta uani, amekonda, koti lile lile. Redio ilikuwa dirishani. Kando ya nyumba kaburi la mama lilikuwa bado na udongo mwekundu. Nilianza kupiga magoti, akaniuliza kama nimekula. Nilikula nilichopewa, bila kuonja ladha. Ndipo nikasema, "Baba, ile siku..."

"Ile siku nilikuwa nimemaliza," akanikata. Sasa alikuwa amejifunza kukata maneno. "Nilijiambia, akiaga bila kumtaja kijana, basi. Nazima redio, naenda nyumbani, naambia mama tuchume yago. Nilikuwa nangoja wimbo iishe tu. Ukasema wewe. Mbele ya Otis, mbele ya wote. Nikaona nikizika sasa, nitakuwa nimezika matusi, si mtoto. Nikakataa tena. Nikamkatalia mama miaka mbili." Akaelekeza kidevu kwenye kaburi. "Ameenda bila kulia."

Nilikuwa nimekuja na mzigo nilioufahamu, na huu alionikabidhi ulikuwa mwingine.

"Nilikutafuta kwa matanga," akaongeza. "Sikukuona."

"Niliona aibu."

"Mimi pia nilikuwa na aibu. Nilikaa hapa nayo." Akanipa kalamu. "Andika tangazo ya redio. Wasome kesho mchana, tukishazika."

Nikaandika jina la mwanawe kama alivyolitamka, herufi kwa herufi, kwa maana halitafsiriwi. Akaendelea: askari aliyetumwa vitani na Rais. Kalamu yangu ikasita.

"Najua unataka nini," akasema. "Unataka niandike aliuliwa na Rais. Baba Wafula angetaka shujaa. Andika alitumwa. Si ndiyo yeye alimtuma?"

"Bado unamheshimu, Baba?"

"Ahadi alitoa, nilisikia na masikio yangu. Nikisema leo alidanganya, mimi miaka hiyo yote nilikuwa nangoja nini?"

Sikukubaliana naye. Sikubaliani naye hata sasa. Niliandika alivyotaka.

Yago lilikuwa barazani, juu ya gunia safi, limechumwa asubuhi na mwanawe mdogo. Watu wa boma walianza kukusanyika. Shimo lilikuwa tayari, kando ya kaburi la mama. Mjomba mmoja akainama kulichukua tunda, Fundi akamzuia.

"Huyu ndiye alisema izikwe. Wacha abebe."

Mjomba akanung'unika kwamba si kazi ya mwanamke, lakini akasogea. Sikujua yago lina uzito kiasi kile. Nililikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, kama unavyobeba mtoto aliyelala, na nikatembea nalo uani nikiona udongo tu mbele ya miguu yangu. Nyuma yangu mwanamke mmoja akaanza kulia, kisha wa pili, kisha wote, kilio kilichokuwa kimesubiri miaka. Nilipofika shimoni nikainama haraka ili nisianguke nalo.

"Polepole, nyara," Fundi akasema karibu na sikio langu. Akashika upande wa pili. "Polepole."

Neno hilo niliwahi kupewa, siku ya mapera, pamoja na lile la kuzika yago. Nilifikisha moja nikalitupa la pili. Nikaliteremsha yago chini kidogo kidogo, kando ya mama yake, polepole, kama nilivyoagizwa.